Waya wa Alfajiri

Fuko-chuma liliingia Mtaa wa Ihanga asubuhi, likasimama mbele ya nyumba ya Sekela Mwaisaka, likainamisha pua na kuanza kuzama ardhini. Halikupiga kelele. Mashine za kuchimba za zamani zilivunja mwamba; hili liliuyeyusha, na mwamba uliopoa nyuma yake ukageuka kuwa bomba lenyewe, laini kama ndani ya chungu kilichochomwa vizuri. Watoto wa mtaa walijipanga ukingoni mwa barabara wakatazama mkia wake ukipotea. Kufikia mchana lilikuwa limeyafikia mawe ya moto yaliyolala chini ya uwanda wa Kitulo, na jua lilipoanza kuinama, maji yaliyoshuka yakiwa baridi yalipanda yakiwa ya moto, yakaanza kuzunguka chini ya sakafu ya nyumba.

Sekela alivua soksi. Hakuwahi kuikanyaga sakafu yake bila soksi mwezi wa sita. Akamweka chini mwanawe Ipyana, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutambaa, na mtoto akalaza shavu sakafuni akatulia hivyo, macho yamemtoka, kama anayesikiliza kitu.

“Umeona?” alisema jirani yake kutoka mlangoni. “Hata huyu amejua.”

Jirani huyo alikuwa Twilumba Sanga, mjane, msukaji wa nyungo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Tulizo. Nyumba za mtaa ule zilijengwa pachapacha, mbili mbili zikitumia ukuta mmoja wa kati, kwa hiyo ukuta wa Sekela ulikuwa ukuta wake pia. Alivua kandambili, akaburuza nyayo zake mbele na nyuma.

“Jamani! Tungekuwa na sakafu hii enzi zetu, wengine tusingeolewa. Mimi nilimfuata marehemu kwa ajili ya blanketi.”

“Mama Tulizo!”

“Nini? Lilikuwa blanketi zuri.” Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika kifua mpaka kikohozi kikapita.

Kikohozi hicho kilimkosesha Sekela raha kila kipupwe. Mama Tulizo alikuwa na pumu, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba asikubali kumaliza kipupwe kingine kizima katika nyumba ya baridi. Bahati nzuri zamu yake ilikuwa karibu. Mwezi unaofuata fuko-chuma lingezama kwake.

Kwa Sekela kilichobaki kilikuwa nyaya.

Kabla ya joto la ardhini, mji wa Kitulo uliota moto wa matofali. Kila chumba kilikuwa na tofali-joto, kasha zito lililojengwa ndani ya ukuta. Upepo wa uwandani huvuma kwa nguvu kuelekea alfajiri, wakati watu wamelala na hawatumii umeme, na mji haukutaka nguvu hiyo ipotee bure. Umeme wa alfajiri, kama ulivyoitwa, uliletwa majumbani kwa njia yake peke yake, ukayapasha matofali mpaka jua lichomoze, kisha ukajikata wenyewe. Mchana kutwa nyaya zile zilikuwa tupu. Matofali yalitoa joto lake kidogo kidogo, na jioni yakawa hayana kitu. Sasa yalikuwa yameng'olewa na kupakiwa, na kila yalipokuwa yamekaa palibaki tundu kwenye plasta na ncha za nyaya zikichungulia.

Kazi ya nyaya ilikuwa ya Injinia Lwitiko Chaula wa Shirika la Joto la Uwandani, kijana mrefu mwenye aibu ya kuingia vyumba vya watu. Alikuja na kipimahai, mashine ndogo yenye miguu sita iliyopanda ukutani kama mjusi na kugusa kila ncha kwa ulimi wake wa fedha.

“Waya ulio hai unavishwa pete nyekundu,” alimweleza Sekela, “tunaufunika ncha kwa kofia ya udongo mgumu na kuufungia kwenye kisanduku chake. Waya mfu unavishwa nyeupe. Huo tunauacha wazi hivyo hivyo, maana kesho mvuta-shaba anaanza kupita, anauvuta wote kutoka ukutani, shaba ikayeyushwe upya.”

Kipimahai kilipita sebuleni, kikapita jikoni, kikavisha pete nyeupe. Katika chumba cha mtoto kilisimama. Pale ukutani palikuwa na ncha nyingine, nene kidogo, iliyotokea katikati ya ukuta wa kati.

“Waya huu haupo kwenye ramani ya nyumba,” kilisema kwa sauti ya mwanamke asiye na umri. “Kwa sasa hauna umeme. Je, kuna waya wowote ulioingizwa hapa kinyume cha kanuni, kutoka mita isiyo ya nyumba hii?”

Sekela alimhamishia Ipyana bega la pili.

Ipyana alizaliwa kabla ya siku zake, katikati ya baridi, wakati baba yake yuko mwezini kwenye migodi ya barafu na simu zake zinafika kwa kukatikakatika. Wiki ileile tofali-joto la chumba hiki lilipasuka. Sekela hakumwambia mtu. Mama Tulizo alikuja kumkanda, akashika ukuta, akashika miguu ya mtoto, akaondoka bila neno. Jioni mwanawe Tulizo, aliyekuwa amekuja kumsalimu mama yake, alitoboa ukuta wa kati akapitisha waya na kuleta tofali moja kutoka upande wa pili. Lilikuwa tofali la chumba cha kulala cha Mama Tulizo. Tangu siku hiyo mama huyo alilala jikoni kwake, akisema anapenda harufu ya viazi.

Na kanuni ilijulikana na kila mtu. Nyumba iliyokutwa imemvutia jirani umeme ilirudishwa mwisho wa foleni ya joto la ardhini.

“Hapana,” alisema Sekela.

“Una uhakika, dada?” Injinia aliuliza. “Sina ubaya. Mita yako nimeshaikata, kwa hiyo nyaya zako haziwezi kupata umeme hata alfajiri. Lakini wa kutoka kwingine saa hizi ungeonekana mtupu tu, kama hizi nyingine. Ukisema upo, tunarudi kesho kabla ya jua tuufuatilie mpaka unapotoka.”

Mpaka unapotoka. Akilini Sekela alimwona Mama Tulizo amefungua mlango wake kwa watu wenye kofia za Shirika.

“Nina uhakika.”

“Basi utakuwa wa wajenzi.”

“Labda wa wajenzi.”

Kipimahai kilingoja kadiri kilivyofundishwa kungoja, ambayo haikuwa kitambo kirefu. Kisha kikauvisha waya ule pete nyeupe.

Alipobaki peke yake Sekela alijifariji. Mashine ilikuwa imegusa waya na kuukuta mtupu. Huenda Mama Tulizo alishaukata kwake tangu matofali yalipotolewa. Angemuuliza tu, ni neno la mara moja.

Jioni alimfunga Ipyana mgongoni akaenda upande wa pili wa ukuta. Mama Tulizo alikuwa ameketi kwenye kigoda akipasua mianzi. Kila ufito alioupata aliupitisha katikati ya vidole, macho yako kwingine, akauweka kulia au kushoto. Hakuhitaji kuutazama. Vidole vilimwambia upi mbichi, upi mkavu mno, upi una ufa uliojificha ndani.

“Mama, kuna kitu nataka kukuuliza. Ule waya…”

“Waya gani?”

“Wa Ipyana. Alioupitisha Tulizo.”

“Mimi sijui waya.”

“Mama, nisikilize kwanza…”

“Sekela.” Mama Tulizo aliweka kisu chini. “Umekuja kunilipa?”

“Hapana, mama!”

“Basi unanitajia nini? Nilichompa mtoto mimi sikikumbuki. Ukinikumbusha ni kama unanirudishia mkononi.”

Hivyo ndivyo watu wa mtaa ule walivyolelewa. Aliyetenda wema hakuutaja, ili isije ikaonekana anasimanga. Na aliyetendewa hakuutaja mbele yake, ili isije ikaonekana anataka deni liishe. Wema ulikaa kati yao kama kitu kilicholala ambacho wote wawili wanakipita kwa kunyata. Sekela alijua. Alikuwa na neno moja tu la kusema, “umeukata?”, na uso wake ulikuwa umeshapata moto.

“Nilitaka tu kujua kama…”

“Ulitaka kujua kama chai iko tayari. Iko tayari. Nipe huyo mtoto, unambana.”

Wakacheka. Wakanywa chai na viazi vya kuchoma, wakamsema mwenyekiti wa mtaa na kofia yake mpya, na swali likashuka na chai. Mama Tulizo naye, kwa upande wake, aliamini kwamba watu wa Shirika wenye mashine zote zile hawawezi kuacha waya hai nyuma.

Sekela alifanya kazi katika maabara ya mbegu za viazi, zamu ya mapema, na kila siku kabla ya jua Mama Tulizo alikuja kukaa na mtoto. Kesho yake upepo ulivuma sana. Sekela alikuwa sebuleni akifunga kilemba aliposikia sauti kutoka chumba cha mtoto.

“Hizi nyaya wameziacha zinaning'inia kama masharubu ya kambale!”

“Ziache, mama. Leo zinakuja kuvutwa.”

“Na huyu anavyotambaa, si atazivuta yeye kwanza? Zina pete nyeupe hizi, zimekufa. Nazirudisha tu kwenye tundu l…”

Neno halikuisha.

Sekela alijua kabla hajafika mlangoni. Mama Tulizo alikuwa amesimama wima, mkono wa kulia umekazana ukutani, mdomo wazi, mwili wote unatetemeka bila kutoa sauti. Ipyana alikuwa anatambaa kumfuata, mkono umenyooka kuelekea kisigino chake.

Alimdaka mtoto mguu akamvuta nyuma. Akataka kumkimbilia mama amkumbatie, na kila kitu mwilini mwake kilimsukuma afanye hivyo. Lakini alikumbuka kwamba anayemshika aliyeshikwa na umeme hushikwa naye. Akachukua ufagio, akaukamata mpini wa mti kwa mikono yote miwili, akaupiga mkono ule kwa nguvu zake zote. Mama Tulizo akaanguka. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Nje, mitambo ya upepo iliendelea kuzunguka, ikileta umeme wake mjini kwa wakati uleule wa kila siku.

Moyo haukusimama. Vidole ndivyo vilivyokwenda, vitatu vya mkono wa kulia, pamoja na ngozi ya kiganja.

Hospitali ya mji ilikuwa na mafundi wazuri. Walimwekea vidole-mashine vilivyounganishwa na mishipa yake ya fahamu, vyepesi, vya rangi ya ngozi yake hasa. Muuguzi alimletea mianzi ajaribu. Mama Tulizo alisuka kipande cha ungo mbele yao, haraka kuliko alivyowahi kusuka, mistari imenyooka. Kila mtu alipiga makofi. Yeye alikiweka kile kipande kitandani akakitazama.

“Vinafanya kazi,” alisema walipobaki wawili. “Ila havinipi habari. Nashika mwanzi, sijui kama mbichi, sijui kama mkavu. Ni kama kumsalimia mtu na haitikii.”

Sekela alikishika kile kipande cha ungo. Alikikunja, akakikunjua.

Injinia Chaula aliwakuta hivyo. Alionekana kama mtu ambaye hajalala wala kubadilisha shati. Alisalimia, “Shikamoo mama,” akaitikiwa, akakaa ukingoni mwa kiti.

“Nimewaambia wakubwa kwamba kipimahai kilikosea,” alisema. “Ni mashine yangu, mimi ndiye niliyeifundisha. Wataniachisha kazi, lakini ndiyo hivyo. Nimekuja tu kuomba radhi.”

“Haikuwa mashine,” Mama Tulizo alisema haraka. “Ni panya.”

“Panya, mama?”

“Wamevuta waya kutoka huko kwingine. Panya wa Kitulo huwajui wewe. Wana mabega.”

Kijana alitaka kutabasamu, uso ukakataa. Mama Tulizo alimkazia Sekela macho, na Sekela alielewa yanasema nini. Zamu yangu ni mwezi ujao. Nyamaza.

Angeweza kunyamaza. Kijana huyu angepoteza kazi, wala asingejua kwa nini. Mama Tulizo angepata sakafu ya moto kabla pumu haijamzidi. Lilikuwa jambo la wiki chache tu. Lakini wazo jingine lilikuwa limemwingia tangu alipoanza kukikunja kile kipande cha ungo.

“Injinia, mitaa mingapi mmeshapima?”

“Mitaa yote ya juu, nyumba zilizofikiwa na zamu; mvuta-shaba amesimamishwa kabla hajazifikia. Sasa tumeanza nyinyi wa Ihanga, kisha tunashuka.”

“Na kote mnauliza swali lilelile? Hilo la kinyume cha kanuni?”

“Lilelile.”

“Wanajibuje?”

“Hapana. Wote wanasema hapana.” Alisita. “Wote.”

Sekela aliziona akilini nyumba za mitaa ya juu, pachapacha, kila moja na ukuta wa kati, na watoto wake watambaao.

“Waya ulitoka kwake,” alisema. “Alinipa tofali lake mtoto alipozaliwa. Tulizo aliuunganisha kabla ya kikata-umeme cha usalama, ndiyo maana haukujikata alipoushika. Ulipouliza, nilikudanganya. Nendeni kesho alfajiri, mpite kila ukuta.”

Injinia alisimama bila kuaga vizuri, simu tayari iko sikioni. Mama Tulizo aligeukia ukuta.

“Nilikupa,” alisema, mgongo wake kwa Sekela. “Sikukuambia unitangaze.”

Alfajiri iliyofuata walipita mitaa ya juu, na karibu kila ukuta wa kati uliwajibu. Nyaya zenye pete nyeupe, hai kama nyoka, nyuma ya vitanda, nyuma ya kabati, moja juu ya beseni la kuogea mtoto. Zilizibwa zote kabla hazijamshika mtu mwingine. Kazi ya Injinia Chaula haikupotea. Kanuni nayo haikupotea; Mama Tulizo alirudishwa mwisho wa foleni. Injinia aliandika kumtetea, akasimama mbele ya wakubwa, akabishana, na wakubwa wakasema watalitazama. Walilitazama mpaka baridi ikaisha. Fuko-chuma lilizama kwa Mama Tulizo wakati mipichi imeshatoa maua na hakuna tena aliyehitaji joto.

Kipupwe chote alilala kwa Sekela, kwenye sakafu ya moto, katika chumba cha Ipyana. Kifua chake kilitulia. Alimwogesha mtoto, akamwimbia, akamfundisha kupiga makofi. Sekela naye aliambiwa ya lazima tu: maziwa yako wapi, mtoto amekula nini. Jioni wote watatu walikaa chumba kimoja chenye joto la kutosha kila mtu, na Sekela alitamani yale matusi ya utani aliyokuwa zamani akirushiwa kila siku bila kuyahesabu.

Shirika lilibadilisha taratibu. Sasa kila ncha, hai au mfu, ilivishwa kofia kabla fundi hajatoka mlangoni. Nyaya zilipimwa saa ya umeme wake, alfajiri, wala si mchana wakati zote zinafanana. Kurudishwa mwisho wa foleni kulifutwa. Lakini Injinia alikuja siku moja kwa Sekela amekata tamaa.

“Adhabu hakuna, na bado wanasema hapana, na alfajiri ikikosa upepo hata waya hai unaonekana mtupu. Nimewaeleza, nimewaapia. Mashine inauliza, wanatazama chini.”

“Unawauliza kuhusu kosa,” Sekela alisema. “Wao hawakumbuki kosa. Hakuna aliyefanya kosa.”

“Kwa hiyo kipimahai kiulize nini?”

Alifikiri. Nyuma ya ukuta, upande wa pili, Mama Tulizo alikuwa anapasua mianzi kwa mkono wa kushoto, polepole.

“Kiulize, ni nani aliwahi kukusaidia kupata joto.”

“Wataona aibu zaidi.”

“Wataona. Ndiyo maana kisiwe na haraka.”

Ndivyo Sekela alivyoanza kufuatana na kipimahai siku zake za mapumziko. Kipupwe kilichofuata walikuwa mitaa ya chini, katika nyumba ya wazee wawili, mke na mume. Kipimahai kilipanda ukuta wa kati, kikagusa ncha iliyotokea nyuma ya kabati, kikawasha taa nyekundu ya kurekodi sauti, kikauliza kwa sauti yake isiyo na umri: “Ni nani aliwahi kukusaidia kupata joto?”

Mzee alitazama chini. Mkewe alitazama birika. Injinia alitazama saa, akamtazama Sekela, na Sekela akatikisa kichwa. Wangoje.

Alingoja akijiuliza alichojiuliza katika kila nyumba. Kama swali hili ndilo lingeulizwa kwake, na mtu akakaa kimya akamngoja hivi, angesema? Mara nyingine alijiambia ndiyo. Mara nyingine aliusikia uso wake ukipata moto, akajua angesema hapana vilevile, na vidole vya watu vingeungua vilevile. Hakuwa na namna ya kujua, na hilo ndilo aliloona ataishi nalo.

Birika lilianza kuchemka.

“Zimeni kwanza hiyo taa yake nyekundu,” alisema mke wa mzee.

Injinia aliifunika kwa kiganja.

“Na nyie wanaume tokeni nje. Na hilo dude lenu mlibebe.”

Wakatoka, mzee mbele. Mama yule aliusogeza mlango mpaka ukashika. Akavuta kigoda karibu na Sekela, karibu kabisa, magoti yakagusana, akatupa jicho kwenye ukuta wa kati kama vile jirani ameweka sikio upande wa pili.

“Yeye asijue kama nimesema,” alinong'ona. “Ilikuwa mwaka ule mjukuu wangu alipougua…”

Sekela alimshika mkono, akainama kumsikiliza.